Programu ya Kuhariri Picha Inapokuwa Nzito: RAM, SSD, Mipangilio au Kompyuta Nyingine?

Mpiga picha anayefanyia kazi nyumbani, mwenye kompyuta moja na picha za harusi zinazosubiriwa na familia mbili, hufikia mahali ambapo Lightroom, programu yake ya kuhariri picha, inamchosha kuliko harusi yenyewe. Anavuta kitelezi cha mwanga, picha inatulia kwanza kisha inaruka. Anahamia picha inayofuata, anakutana na ukungu kabla ya sura kutokea. Anashika brashi, kompyuta inaganda. Akiomba ushauri, fundi wa kwanza atamwambia aongeze RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), wa pili atamwambia aweke SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), na wa tatu atamwambia mashine imechoka, aiuze. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, kwa sababu uzito wa programu hizi una vyanzo vingi, na tiba ya chanzo kimoja haigusi kingine. Hapa chini tiba hizo zinalinganishwa kwa kigezo hicho: ni uzito wa aina gani unaoondolewa na kila moja, na ni upi utakaobaki palepale baada ya pesa kutoka. Mifano mingi ni ya Lightroom Classic na Photoshop kwenye Windows, ingawa sehemu kubwa ya maelezo inafaa kwa programu nyingine pia.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha bure kipo ndani ya Windows yenyewe. Fungua Lightroom katika folda unayoifanyia kazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, ingia kwenye ukurasa wa Performance, kisha lisogeze dirisha hilo pembeni na uendelee na kazi yako kama kawaida huku ukitupia jicho CPU (prosesa), Memory (RAM), Disk (diski) na GPU (prosesa ya michoro). Ukihama kutoka picha moja kwenda nyingine na ukaona Disk imepanda hadi asilimia 100, ilhali kasi iliyoandikwa chini yake ni megabaiti mbili au tatu tu kwa sekunde, hiyo ni diski ya kuzunguka (HDD) inayolazimishwa kurukaruka ikitafuta vipande vidogo vya data, na hakuna RAM itakayoiponya. Ukiona Memory imesimama kwenye 7.4 kati ya 7.8 GB na haishuki, tena kompyuta inaganda hasa pale unapofungua Photoshop na kivinjari kwa wakati mmoja, tatizo ni RAM. CPU ikifika 100 wakati wa kutoa JPEG mia tano si kasoro; prosesa inafanya kazi uliyoinunulia, na swali linalobaki ni kama unaweza kuivumilia.

Kuna hali ya nne inayowachanganya wengi, nayo ni pale ambapo kila mstari uko chini na bado programu ni nzito. Hapo tazama tarakimu ya GHz iliyo chini ya mchoro wa CPU. Laptopu ambayo prosesa yake imeandikwa 2.4 GHz, ikionyesha 0.8 GHz katikati ya kazi, imefungwa breki na joto au na umeme. Joto ni jambo la kutarajiwa kwa mashine iliyokaa miaka mitano katika vumbi la Dodoma au chumba kisicho na feni Mombasa, na dawa yake ni fundi kuifungua, kusafisha feni na kubadilisha pesti iliyokauka kati ya prosesa na bomba la kupozea. Upande wa umeme, mkosaji mara nyingi ni chaja. Laptopu nyingi za Dell zikichomekewa chaja zisizozitambua hutoa onyo wakati wa kuwaka na kupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi, na mtu anaweza kuishi na kasi hiyo kwa miezi akidhani ni uzee. Kabla ya kuhukumu mashine, azima chaja halisi yenye wati zinazotakiwa, kisha pima tena. Hii ni miongoni mwa tiba zenye gharama ndogo zaidi zitakazotajwa, na inashangaza jinsi inavyorukwa.

Kwenye Mac, Activity Monitor hufanya kazi hiyo hiyo, na mchoro wake wa shinikizo la kumbukumbu hubadilika rangi kutoka kijani kwenda njano na nyekundu kadiri RAM inavyoelemewa.

RAM au SSD

Huu ndio mjadala mkubwa, na unaamuliwa kwa hesabu kuliko kwa imani. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 24; kila pikseli, faili ya RAW (faili ghafi ya kamera) ikishafumuliwa, hubeba rangi tatu, na kila rangi katika kina cha biti 16 huchukua baiti mbili. Picha moja iliyofunguliwa ni baiti milioni 144, yaani 144 MB, hata kama faili yake kwenye kadi ilikuwa 30 MB tu. Kwa kamera ya megapikseli 45 hesabu hiyo inafika 270 MB. Weka tabaka kumi za Photoshop zilizojaa picha ya megapikseli 24, tayari umepita GB 1.4, weka juu yake historia, ambayo Photoshop kwa kawaida huhifadhi hatua 50, kisha kumbuka kwamba Windows na kivinjari chenye vichupo vichache vimeshachukua GB tatu au nne kabla hujaanza. Katika mashine ya GB 8 hapo pamejaa.

RAM ikijaa, kompyuta haisimami. Inaanza kuhamishia data kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Photoshop yenyewe hukuambia hali hiyo ukiiuliza: kwenye ukanda ulio chini ya picha kuna sehemu inayoweza kuonyesha Efficiency, na ikishuka chini ya asilimia 100 ujue programu imeanza kuegemea diski. Ndipo tofauti ya diski inapojitokeza. Diski ya kuzunguka hutumia takriban milisekunde kumi, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, kufikisha kichwa chake mahali data ilipo, kila inapotakiwa kuruka. SSD ya kawaida hufika kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Kwa hiyo upungufu uleule wa RAM huonekana kama kuganda kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka, na huonekana kama kusitasita tu kwenye mashine yenye SSD. SSD huuficha upungufu wa RAM kwa kiasi kikubwa, lakini RAM haiwezi kuuficha udhaifu wa diski, kwa sababu kila kitu bado kinapaswa kusomwa kutoka kwenye diski mara ya kwanza.

Lightroom inaumia zaidi kwa diski mbovu kuliko Photoshop. Katalogi yake, yaani daftari la picha zako na marekebisho yake, ni hifadhidata ya SQLite, na pembeni yake kuna folda ya picha ndogo za kutazamia pamoja na kashe (hifadhi ya muda) ya Camera Raw, sehemu inayofumua faili za RAW. Vyote hivyo husomwa na kuandikwa kwa vipande vidogo vidogo kila unapohama, unapoweka nyota au unapotafuta picha. Faili ya RAW yenyewe, kinyume na wanavyodhani wengi, si mzigo mkubwa hivyo: faili ya 30 MB kwenye diski ya kuzunguka inayosoma 100 MB kwa sekunde hupakiwa kwa theluthi ya sekunde, tena mara moja tu. Maana yake ni kwamba huhitaji SSD kubwa ya kubeba picha zako zote. SSD ya 256 GB au 512 GB inayobeba Windows, programu, katalogi na kashe, huku picha zikibaki kwenye diski ya zamani, hukupa sehemu kubwa ya faida kwa gharama ndogo. Hakikisha tu kwamba diski ya nje imechomekwa kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, kwa kuwa USB 2.0 kwa matumizi halisi haivuki sana 40 MB kwa sekunde.

Kwa hiyo, mwenye diski ya kuzunguka aanze na SSD, hata kama ana GB 8 za RAM na kila mtu anamwambia ni chache. Mwenye SSD tayari na GB 8 aongeze RAM hadi 16, ambacho ndicho kiwango ambacho Adobe wenyewe wanakipendekeza. Mwenye GB 4 hana cha kuchagua. Vyote viwili vinamhusu, na pengine aruke hadi sehemu ya mwisho ya makala haya. Kutoka 16 kwenda 32 nisingemshauri mtu wa harusi na picha za studio, isipokuwa kama anaunganisha panorama, anachanganya mianga mingi kuwa picha moja, au anafanya mabango ya tabaka nyingi kwenye Photoshop. Lightroom ya kawaida haitamrudishia thamani ya pesa hiyo.

Katika kununua, kila upande una mitego yake. RAM za DDR3L, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na hata pengo la chini lililokatwa kwenye kadi liko mahali tofauti ili usikosee. Task Manager, kwenye Memory, itakuonyesha idadi ya nafasi za RAM na zilizotumika. Ikiandika 1 kati ya 2, unaongeza kadi ya pili bila kutupa ya kwanza. Kadi mbili zinazolingana ni bora kuliko moja kubwa, hasa kwa laptopu isiyo na kadi ya michoro, kwa sababu michoro yake hukopa RAM hiyohiyo na njia mbili za kupitisha data (dual channel) huipa nafasi ya kupumua. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hapo mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Kwa SSD, tofauti ya kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ya SATA, aina ya zamani ya muunganisho, inayosoma takriban 550 MB kwa sekunde, utaihisi siku hiyohiyo. Tofauti ya kutoka SATA kwenda NVMe, aina mpya na ya kasi zaidi, ya 3,500 MB kwa sekunde, katika kuhariri picha, utaiona zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo. Usilipe zaidi kwa ajili ya NVMe kama tundu lako ni la SATA tu, na kumbuka kwamba SSD za umbo la M.2 hufanana kwa macho ilhali nyingine ni za SATA na nyingine ni za NVMe. Jihadhari pia na SSD za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikidai 2 TB. Zipo bidhaa bandia zilizowekwa kumbukumbu ndogo na kufundishwa kudanganya ukubwa wake, ambazo hupokea picha bila kulalamika na kuziharibu kimyakimya zikishajaa. Programu ya bure ya H2testw huzijaza na kuzisoma tena ili kubaini ukweli, na muuzaji anayekataa uifanye mbele yake amekujibu.

Bei nazo zimebadilika. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 RAM imepanda duniani, kwa kuwa watengenezaji wa chipu wameelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na SSD nazo zimefuata mkondo huo. Hali hii inaifanya RAM iliyotumika kuwa chaguo la busara, kwani RAM haichakai kwa kuandikwa. SSD iliyotumika ni habari nyingine: kila kuandika kunaipunguzia umri, kwa hiyo usiichukue kabla ya kuiangalia kwa CrystalDiskInfo, inayoonyesha asilimia ya afya iliyobaki.

Mipangilio: tiba isiyo na risiti

Ningeombwa nitaje jambo moja tu la kumwokoa mtu ambaye hana pesa ya kununua chochote mwezi huu, ningetaja picha ndogo za kuhariria ambazo Lightroom Classic inaziita Smart Previews. Unazitengeneza kwenye menyu ya Library, kisha Previews, kisha Build Smart Previews. Baada ya hapo, kwenye Preferences, ukurasa wa Performance, unaweka alama kwenye kisanduku kinachoiambia programu itumie nakala hizo badala ya faili asili wakati wa kuhariri. Nakala hizo zina upande mrefu wa pikseli 2,560. Picha ya 6000 kwa 4000 inageuka kuwa ya 2,560 kwa takriban 1,707, yaani chini kidogo ya megapikseli 4.4, ambayo haifiki hata moja ya tano ya kazi ya awali. Prosesa ileile, RAM ileile, kitelezi kinafuata mkono. Unapotoa JPEG za mwisho, Lightroom hurudi kwenye faili asili, hivyo mteja hapotezi chochote. Gharama yake ni muda wa kuzitengeneza, ambao unaweza kuuacha ukienda kula, na nidhamu ya kutoamua ukali wa picha wala chembechembe kwa kuangalia nakala hizo. Kwa maamuzi hayo rudi kwenye picha asili.

Ukiilinganisha tiba hii na RAM mpya, kwa mtu anayerekebisha rangi na mwanga tu, Smart Previews zinashinda kwa mbali. Kwa mtu anayesafisha ngozi ya bibi harusi kwenye Photoshop, hazimsaidii lolote, kwa kuwa Photoshop hufungua picha nzima. Yeye apunguze hatua za historia kutoka 50 hadi 20 hivi, ahamishie diski ya kazi ya Photoshop (Scratch Disk) kwenye SSD, na afunge kivinjari wakati wa kazi nzito. Kiwango cha RAM ambacho Photoshop inaruhusiwa kutumia huwekwa asilimia 70 tangu mwanzo. Kukisukuma hadi 90 katika mashine ya GB 8 huinyima Windows pumzi na mara nyingi hurudisha uzito kwa mlango wa nyuma.

Mengine nitayapitia haraka. Kashe ya Camera Raw huja ikiwa 5 GB. Ipandishe hadi 20 au zaidi kama SSD ina nafasi. Usiiache SSD ijae hadi pomoni, maana SSD iliyobanwa hupungua kasi. Zuia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, isisawazishe folda ya katalogi wakati unafanya kazi. Kioo cha 4K kina pikseli milioni 8.3 dhidi ya milioni 2.1 za Full HD, kwa hiyo aliyenunua kioo kipya kizuri kisha akaona Lightroom imekuwa nzito ghafla hajarogwa. Apunguze dirisha la picha, na ataona nafuu hapohapo.

Na toleo la Lightroom lililovunjwa ulinzi, linalosambazwa kwenye flashi, nitalisema waziwazi: ukikuta prosesa inafanya kazi kwa asilimia 60 ilhali hujafungua programu yoyote, mshukiwa wa kwanza ni kile kilichokuja pamoja na toleo hilo.

Kadi ya michoro

Kadi ya michoro inauzwa kwa maneno mengi kuliko inavyostahili kwa kazi ya kawaida ya picha, isipokuwa katika jambo moja. Aprili 2023 Lightroom Classic ilipata zana ya Denoise, inayoondoa chembechembe kwa akili mnemba, na zana hiyo inategemea GPU karibu kwa kila kitu. Mtu anayepiga picha za ukumbini usiku kwa ISO 6400 na kuisafisha kila picha kwa zana hiyo atasubiri dakika kadhaa kwa picha moja kwenye laptopu isiyo na kadi, na sekunde chache kwenye kadi ya Nvidia ya RTX. Yeye kadi itamlipa. Asiyeitumia zana hiyo, na anayechagua watu na anga kwa zana zinazochagua zenyewe mara mojamoja, pesa yake ina kazi bora kwingine.

Hata ukiamua, laptopu haikubali kuwekewa kadi ndani. Kompyuta ya mezani inakubali, lakini zile ndogo za ofisini, kama Dell OptiPlex za umbo dogo, zina usambazaji mdogo wa umeme, na tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu. Hapo utahitaji kadi fupi isiyo na waya wa ziada wa umeme, kama vile GTX 1650 fupi au RTX 3050 ya GB 6. Ya pili ndiyo yenye maana kwa Denoise. Mwenye michoro ya ndani ya Intel afanye jaribio la bure kwanza: asasishe draiva, kisha azime matumizi ya GPU kwenye ukurasa wa Performance wa Lightroom na kulinganisha. Katika mashine za zamani wakati mwingine kuzima huleta wepesi, kwa sababu prosesa haipotezi muda kumkabidhi kazi msaidizi aliye dhaifu kuliko yeye.

Kubadilisha programu

Wapo wanaoamini kuwa darktable, programu mbadala ya kuhariri RAW, kwa vile ni ya bure, ni nyepesi. Bure ni kweli, na kwa asiyetaka malipo ya kila mwezi ni chaguo la heshima, linaloendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Wepesi ni jambo jingine: darktable inategemea OpenCL, mfumo wa kukabidhi hesabu kwa GPU, ili kuitumia GPU, na baadhi ya moduli zake, hasa ile ya kusambaza au kunoa, huilemea laptopu dhaifu kuliko chochote kilicho ndani ya Lightroom. Aidha, kazi uliyokwisha kuifanya Lightroom haihami yote. Utakuwa umebadilisha uzito wa mashine kwa uzito wa kujifunza upya. Nisingeihama Lightroom kwa sababu ya kasi peke yake.

Mahali ambapo programu ya pili inaleta tofauti kubwa ni kuchambua. Harusi moja hutoa picha elfu moja na zaidi, na muda mwingi huishia kwenye kuzipitia ili kuondoa zilizofumba macho, wala si kwenye kuzihariri. Lightroom huwa nzito hapo kwa sababu inataka kutengeneza picha ya kutazamia kutokana na RAW, ilhali kila faili ya RAW tayari imebeba JPEG iliyotengenezwa na kamera. Photo Mechanic na FastRawViewer husoma JPEG hiyo moja kwa moja, na unapita kutoka picha hadi picha kwa kasi ya kidole. Zote mbili zinalipiwa, ya pili kwa bei nafuu zaidi. XnView MP ni ya bure kwa matumizi binafsi na inatosha kwa kuanzia. Asiyetaka programu nyingine kabisa achague Embedded & Sidecar wakati wa kuingiza picha Lightroom, na atapata sehemu ya faida hiyo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kukarabati au kununua nyingine

Chukua HP EliteBook 840 G3, mashine iliyojaa katika maduka ya kompyuta zilizotumika kuanzia Kariakoo hadi Nairobi. Ina nafasi mbili za RAM za DDR4, nafasi ya M.2 na nafasi ya diski ya inchi 2.5, hivyo SSD na diski ya zamani zinaweza kukaa pamoja. Ukarabati wake ni wa raha. Tatizo ni prosesa ya kizazi cha sita yenye viini viwili tu, na kwamba Windows 11 rasmi haiikubali, huku usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ukiwa umekoma tarehe 14 Oktoba 2025. SSD na RAM zitaifanya iwe ya kupendeza katika kuhama na kuchambua, lakini kutoa JPEG mia tano kutabaki kazi ya usiku.

Mpaka wa kuangalia uko kati ya kizazi cha saba na cha nane. Katika laptopu za Intel za aina ya U (prosesa za kutumia umeme kidogo), i5 ilitoka viini viwili hadi vinne mwaka 2017, na ndicho kizazi ambacho Windows 11 inaanza kukikubali. Unakitambua kwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-7200U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane, na tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya kazi. Kwa hiyo, kama gharama ya SSD na RAM za mashine ya kizazi cha sita inakaribia nusu ya bei ya ThinkPad T480, ambayo ni ya kizazi cha nane na ina nafasi mbili za RAM, mimi ningeweka akiba na kuchukua T480. SSD ya SATA ya inchi 2.5, kama ulikwisha kuinunua, utaihamishia huko.

Mac ya M1, iliyotoka Novemba 2020, inazishinda laptopu nyingi za Intel za umri huo katika Lightroom, tena ile ya Air bila feni wala kelele. Lakini RAM yake haiongezeki kamwe, kwa hiyo ya GB 8 kwa bei nzuri na ya GB 16 kwa bei inayouma ni mashine mbili tofauti. Kwa mtu wa Photoshop ningesema ya 16 au asinunue. MacBook Pro za Intel za kati ya 2016 na 2019, ambazo bado zinauzwa kwa jina, hazistahili pesa hiyo tena kwa kazi hii.

Asiyehitaji kutembea na kompyuta atapata nguvu zaidi kwa kila shilingi kwenye kompyuta ya mezani ya kizazi cha nane, yenye viini sita katika i5 zake za kawaida na nafasi ya kadi ya michoro baadaye. Ila bajeti yake iwe na UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) tangu siku ya kwanza, kwani katalogi ya Lightroom inayokatiziwa umeme katikati ya kuandikwa inaweza kuharibika, na nakala za akiba ambazo programu hupendekeza kuzitengeneza inapofungwa ziwekwe kwenye diski tofauti na ile inayobeba katalogi yenyewe.